Halua Kabla ya Shangazi

Jumatatu, 5 Mei

Kipimo cha sukari: kumi na tatu. Juu. Nimechoma insulini tumboni, nikanywa chai bila sukari. Mwezi uliopita sikujua hata kongosho liko wapi. Leo najua kuwa langu limeacha kazi, na kazi yake naifanya mimi, kwa sindano, maisha yangu yote.

Mamantilie wa jirani na duka letu la kanga ameniuliza mbona chapati moja. "Umekosana na tumbo lako, dada?" Nimemwambia tunaelewana zaidi kuliko zamani.

Jumatano, 7 Mei

Barua ya posa ya Salim imefika. Jumamosi shangazi zake wanakuja kuniona. Mama amenikalisha chini. "Salim utamwambia taratibu, ukishaolewa. Sasa hivi watasema tunawauzia mgonjwa." Nikasema mimi siuzwi. "Haya, msomi. Lakini Jumamosi unyamaze."

Nimekubali kunyamaza. Nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe. Nampenda Salim. Sitaki kuingia kwake kwa uongo.

Ijumaa, 9 Mei

Halua imeletwa kutoka kwa kina Salim, sinia zima. Desturi ya kwao: shangazi mkubwa humlisha mchumba tonge la halua kwa mkono wake, ndipo wengine wale. Kukataa ni tusi. Nimepanga. Nitachoma chooni dozi ya insulini ya kabla ya mlo, wakiingia tu, kisha nile kila kitu huku natabasamu. Mpango mzuri. Nauchukia.

Jumamosi, 10 Mei

Nilichoma niliposikia hodi. Pilau limeshapakuliwa, halua iko katikati ya mkeka. Lakini shangazi mkubwa hakuwamo. Alikuwa bado Kigamboni, anasubiri kivuko. Hakuna kugusa kitu mpaka afike.

Insulini haina adabu. Haisubiri mtu. Sukari ikaanza kushuka. Jasho likanitoka mgongoni. Mikono ikatetemeka chini ya mtandio. Mama akanikazia macho: tulia. Sauti zao zikaanza kwenda mbali. Nikawaza: nitakufa hapa kwa heshima, mbele ya sahani zilizojaa.

Nikanyoosha mkono, nikamega halua. Nikamega tena.

"Makubwa," akasema shangazi mdogo. "Bibi harusi, kwenu mwezi huu hamjapika?" Wenzake wakacheka.

Nikameza kwanza. Kisha nikasema nina kisukari, nimechoma sindano, chakula kimechelewa, nisipokula naanguka. Kicheko kikakatika. Mama akainama. Nikamega tonge la tatu.

Shangazi mkubwa alifika, akaliona sinia, akaambiwa. Alikula pilau kidogo. Halua hakunilisha.

Jumapili, 11 Mei

Mama hasemi nami. Salim ameandika: "Mbona hukuniambia?" Ana haki. Nimemwomba radhi kwa hilo, si kwa halua. Akaandika tena: "Mama anauliza kama utaweza kuzaa." Daktari alishasema naweza, nikijitunza. Sikumwandikia hayo. Nimejibu: "Mwambie aje aniulize mwenyewe. Mlango uko wazi."

Jumanne, 13 Mei

Kwao kimya. Asubuhi nimelia, kisha nikanawa uso na kufungua duka.

Mchana nimechoma sindano pale pale kwenye kaunta, mama mmoja akichagua kanga. Akanitazama mpaka mwisho. Akauliza kama inauma. Kidogo, nikasema. Akatikisa kichwa, akanyoosha doti ya bluu kwenye mwanga, akaomba nimpunguzie bei.

Sikumpunguzia. Kainunua hivyo hivyo.