Breki za Waya

Jumatatu, 4 Mei 1953
Mvua tena. Nimeziba pancha za watu kutwa, na baiskeli yangu mwenyewe inalia kama mbuzi. Hizi breki za vyuma zimechoka. Jumamosi namfuata Naomi kwa mama yake huko mlimani, amemaliza siku za uzazi. Mzaliwa wetu wa kwanza! Siwezi kuwateremsha na mkweche.

Jumatano, 6 Mei
Nimeng'oa vyuma vyote, nimefunga breki za waya. Za kisasa. Zinabana rimu kwa ubavu, si kwa ndani upande wa spoki kama zile kuukuu. Nimejaribu hapa mtaani Sakina, barabara kavu, imesimama papo hapo. Issa, fundi cherehani jirani yangu, kanicheka: "Sasa si utapaa!" Wivu tu.

Ijumaa, 8 Mei
Mungu wangu.

Leo nilipeleka sukari na blanketi la mama mkwe, maana mke hafuatwi mikono mitupu. Nikamkabidhi shemeji, kaka yake Naomi. Mama mkwe mwenyewe hakaribiwi. Ukikutana naye njiani unampisha, unatazama pembeni, unaamkia kwa mbali. Kumgusa ndiyo kabisa, haisemeki.

Kushuka, mvua ikanikuta. Nikabana breki. Wapi! Nikabana hadi vidole vikauma. Raba zinateleza tu. Kwenye kona, huyo mama mkwe na mzigo wa majani ya ng'ombe. Akanipisha kwa adabu. Nami nikampisha kwa adabu. Upande mmoja! Tena sote tumeangalia pembeni.

Nimemgonga mama mkwe. Nimemwangukia, mzima mzima. Mkono wake umevunjika, niliusikia.

Hapakuwa na mtu. Nikambeba mgongoni hadi kwake. Mimi! Mkwe! Njia nzima nalia, nasema nisamehe mama. Alitamka neno moja tu: "Tazama mbele."

Jumamosi, 9 Mei
Sikwenda. Shemeji kapita kunipa habari: mkono umefungwa, na ndugu wamesema Naomi hashuki. Akaondoka bila chai.

Nimeipindua baiskeli, nimeipapasa rimu. Ubavu wake umebinuka, si bapa. Ilitengenezwa kubanwa kwa ndani, ubavuni raba haipati pa kushika. Ikiwa kavu inakudanganya, ikilowa basi. Na mimi naitwa fundi. Fundi gani? Pumbavu.

Ingekuwa leo, Naomi angekuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni kwake.

Jumatano, 13 Mei
Sili. Issa ameleta uji, hacheki tena. Ndugu wametaka kondoo wa kusafisha mkosi, nimepeleka. Hawajajibu. Naogopa kweli kweli. Mke wangu watamzuia, na haki watakuwa nayo.

Jumamosi, 16 Mei
Wameniita. Nimepanda kwa miguu.

Mama mkwe alikaa mlangoni na mtoto mapajani, mkono mmoja umening'inizwa kwa kitambaa. Nikasimama mbali, macho chini. Shemeji akanyoosha mikono apokee mtoto anipe. Mama akakataa kwa kichwa. Akainuka, akanijia. Kwa ule mkono mzima akanikabidhi mwenyewe mtoto, kifuani pangu.

Mama akarudi kukaa. Ndugu wakampisha Naomi.

Tumeshuka taratibu, Naomi mbele, mimi nyuma na mtoto. Njia ilikuwa na utelezi. Sasa wamelala wote wawili.