Bati Jeusi Juu ya Zahanati

Olmotonyi, Arusha
9 Agosti 1990

Kwa mdogo wangu Philemoni,

Shikamoo yako nimeipokea pamoja na barua, nami nakurudishia marahaba nikiwa nimeketi jikoni, maana baridi ya mwezi huu imeshuka mlimani na haitaki kuondoka. Je, hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima. Mama yupo, anakula, ila magoti yanamsumbua. Ng'ombe wamefika kumi na tisa na wote wanaijua sauti yangu.

Utaushangaa mwandiko. Siku zote mjukuu wangu Nashipae ndiye anayeniandikia. Safari hii naandika mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa elimu ile ya watu wazima ambamo nilishika nafasi ya kwanza, na mwalimu bado yu hai, muulize. Sababu utaiona mbele.

Barua yako nimeisoma mara nne. Unasema lile bati jeusi la kupasha maji kwa jua, ulilotufungia juu ya zahanati miaka miwili iliyopita, limekushinda. Niliposema weusi umebanduka wenyewe na maji hayapati moto, uliamini. Sasa utawaandikia wakubwa wako kwamba utando wako hauwezi ukungu wa Meru, kisha uache chuo. Unasema siku hizi kila kitu ruksa, wenzako wanauza magari ya mitumba, na wewe utafungua duka la rangi Njiro. Miaka ishirini ya kazi, Philemoni, halafu makopo ya rangi.

Ngoja nikukumbushe tulikotoka. Chifu alipotaka kila boma litoe mtoto mmoja wa shule, baba alinificha mimi kwenye zizi la ndama, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na nilishamfukuza fisi kwa fimbo. Akakutoa wewe, mwenye kikohozi, uliyepoteza mbuzi wawili kwa wiki moja. Watu walikuja kumpa baba pole. Hata mimi nilikuonea huruma, nikakupa kibuyu cha maziwa ya njiani. Mtoto anayependwa hakupelekwa shule. Mimi ndiye niliyependwa, wala hilo hakuna asiyelijua hapa.

Ukaenda. Ukarudi na viatu. Ukaenda Dar es Salaam, ukaenda Ulaya, ukarudi daktari asiyetibu mtu. Nilipokuuliza kazi yako hasa ni nini, ulisema mnatoa hewa ndani ya chombo, mnachemsha madini mpaka yawe mvuke, nayo yanatua juu ya bati kama umande, utando mwembamba kuliko unywele mara elfu, unaolikamata jua lisitoroke. Nikakujibu kwamba ukungu wa mlimani unatua hivyo hivyo kila asubuhi na haujasoma hata darasa la kwanza. Ulicheka. Mimi sikuwa nikicheka.

Ulipofunga bati lako ulinipa kazi ya kufuta vumbi juu ya kioo kila Jumamosi, ukanikataza kufungua kisanduku chenye bati chini yake. Nilifuta, na hakuna kioo kilichowahi kung'aa vile. Lakini sifa zilikwenda kwako. Mkunga wetu Kandida aliwaambia akina mama wote kwamba watoto wao wanaogeshwa kwa maji ya Dakta. Watoto wawili wakaitwa Philemoni, na wa kike mmoja, wakaona wasimwache nyuma, wakamwita Filomena. Mchungaji alikuombea kwa jina kanisani, na mimi mwenye kitambaa cha kufutia nimeketi benchi la mbele. Hayo yote niliyavumilia.

Lililonishinda ni la Mama. Kila siku Kandida alikuwa akimpa ndoo ya maji ya moto akande magoti. Siku moja, miguu ikiwa ndani ya beseni, Mama alifumba macho akasema alizaa wana wawili, na yule waliyemtupa ndiye aliyempasha moto. Mimi niliyemkamulia maziwa miaka hamsini nilikuwa nimesimama pale, nimeshika taulo.

Kesho yake Kandida aliteremka mjini kufuata dawa. Nilipanda ngazi, nikafungua skrubu nne, nikainua kioo. Nikachukua majivu, mchanga na gunzi la mahindi, nikasugua. Utando haukubanduka wenyewe, Philemoni. Niliubandua mimi. Nilijiambia kwamba nasafisha, kama mtu anavyosugua sufuria yenye masizi, lakini maishani mwangu sijasugua sufuria hata moja. Nilijua ninachofanya.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, niseme yote. Nilianza ng'ombe wakienda malishoni asubuhi, wakaenda mtoni, wakarudi, bado nasugua. Mikono hii iliyofukuza fisi ilivimba. Kona ya chini, kipande cha ukubwa wa kiganja, ilinishinda kabisa. Leo nimepanda tena kuitazama. Bado nyeusi kama siku uliyoileta. Kama ukungu wa Meru unabandua, mbona umeiacha hiyo?

Kwa hiyo ripoti hiyo usiipeleke. Iandike upya. Wala usiandike kwamba ni mzee fulani wa kijijini. Andika Lesikar Lerionka, aliyeshindana na utando huo kutwa nzima, na kona moja ikamshinda. Katika vitabu vyako vyote jina langu halijawahi kuwemo.

Mama ananiuliza kama jua nalo limezeeka. Nimemjibu ndiyo. Njoo na bati jingine, ngazi nitakushikia mwenyewe. Maji yakishapata moto nitamwambia Mama, wewe ukiwepo. Kabla ya hapo sithubutu.

Kandida anakusalimu, hajui lolote. Nashipae anakusalimu pia, amekasirika kwamba nimemnyima kalamu. Wasalimie wote wa nyumbani kwako, umwambie shemeji duka la rangi halipo.

Ni mimi kaka yako,
Lesikar Lerionka