Besi ya Shangazi Mghoi

Shangazi,

Ulituacha kabla ya mvua, na sasa mahindi yako ya Wusi yanafika kiunoni. Mume wako, Baba Mwakio, anakula vizuri. Amekataa kuja kukaa nasi Voi. Anasema joto la huku litammaliza. Lakini nakuandikia juu ya ule wimbo wako wa mwisho. Nimeshindwa kukaa nao peke yangu.

Kompyuta yako tuliipa kwaya, kama ulivyosema. Mwalimu Mwadime, aliyeshika nafasi yako ya kufundisha kwaya, akaweka humo toleo jipya la ile programu yako ya kuandikia muziki, maana nyimbo anazotumiwa na wenzake wa Wundanyi zilikataa kufunguka kwa lile la zamani. La zamani hakulitoa. Yakakaa yote mawili, na hakuna aliyewaza zaidi.

Basi Jumamosi moja tukakusanyika kanisani huko Wusi tujifunze wimbo wako, tuuimbe kwenye ibada ya kukukumbuka. Mwadime akabonyeza faili mara mbili. Wimbo ukafunguka, lakini haukuwa wewe. Maneno ya Kidawida, lugha yetu, yamegeuka visanduku vitupu, noti zimepandana, na mstari wa besi, ile sauti nzito ya wanaume, hauna kitu toka mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja wa soprano akasema polepole, "Maskini, ugonjwa ulimzidi. Hakumaliza."

Mwadime, kwa moyo mzuri kabisa, akasema atakuandikia besi yeye mwenyewe. Ndipo Baba Mwakio, aliyekaa nyuma na kofia yake magotini, akasema, "Besi iko. Alikuwa ananiimbisha jikoni akisonga ugali."

Mkono wa Mwadime ulikuwa tayari kwenye mausi, anataka kuhifadhi ili aanze kazi. "Mwalimu, usisevu!" Nilipaza sauti mpaka nikaona haya, ndani ya kanisa. Lakini pale saiba, kwenye kompyuta za kukodisha, ninapofanya kazi nimewaona watu wakilia kwa jambo hili hili: ukishahifadhi kwa toleo jipya, la zamani haliisomi tena faili hiyo, na kilichopotea kimepotea.

Nikafunga bila kuhifadhi, nikaweka nakala kwenye flashi kwanza. Kisha nikaona kilichotokea. Toleo jipya, siku lilipoingia, lilijifanya ndilo mwenye faili zako zote. Ukibonyeza wimbo wowote, linadakia. Nikaiambia kompyuta ifungue kwa lile la zamani. Ikakubali, halafu ikafungua kwa jipya vilevile! Programu zote mbili zilikuwa na jina moja, haikuweza kuzitofautisha. Nikaingia kwenye folda ya la zamani, nikaongeza neno "zamani" kwenye jina lake, nikarudi kwenye wimbo, nikalichagua hilo, nikaweka alama kwamba liwe hilo siku zote. Nikabonyeza.

Shangazi.

Maneno yote yalikuwepo. Na besi haikuwa mstari mmoja, ulikuwa umeigawa sauti mbili. Nikaiacha icheze. Spika za hiyo kompyuta zinakoroma, unazijua, lakini tulisogea karibu nazo. Kwa ulivyoandika, wanawake wanaanza peke yao, chini, taratibu. Wanaume wanangoja, wanangoja, mpaka nikadhani umewasahau. Halafu wanaingia chini yetu kwa pamoja, na wimbo wote unanyanyuka. Mwadime alivua miwani. "Mimi ningeandika nini hapa?" akasema.

Siku ya ibada ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Wanaume walipoingia nilihisi mbao za sakafu zikitetemeka chini ya viatu vyangu.

Sikukujua, Shangazi. Nimelala kwako likizo zote za shule. Umenifundisha kuchambua mboga, umenigombeza kwa kuacha mlango wazi kuku wakaingia. Na wakati huo wote ulikuwa unatembea na kitu kikubwa namna hii kichwani, huku unaniuliza kama chumvi imetosha. Hata kukuandikia naogopa kidogo.

Zile nyimbo nyingine nimezifungua moja moja kwa la zamani, nimezichapisha, nimeweka nakala pembeni. Mwadime zake mpya anazifungulia ndani ya programu mpya, hatugombani. Nakuahidi, toleo lolote litakalokuja halitazigusa kabla yangu. Na sitazifungia. Nazileta huku Voi, kwenye kanisa letu la chini, Wataita na Wakamba waimbe pamoja. Jumamosi ijayo naanza na ule mfupi wa mavuno, kwa sababu huu mkubwa hawauwezi bado.

Watauweza. Kwaheri, Shangazi yangu.

Wakesho