Pikapu Inayoitikia Saa Saba

Jumatano, Oktoba 1995. Jua kali tangu asubuhi. Hakuna jani linalotikisika, na mbuzi wamelala kando ya pikapu kama waliokufa.

Eh, nimeandika hivyo na mkono umesita. Basi, libaki.

Mimi nilisoma hadi darasa la tatu tu, na Kiswahili nilikipata sokoni Mwingi nikibishana na wanunuzi wa mbuzi. Atakayecheka mwandiko wangu aje acheke mbele yangu. Leo naandika jambo ambalo sikumwambia mtu kwa wiki tano.

Ufunguo wa pikapu haukupotea. Niliuzika.

Mume wangu, Mzee Nzioka, alipokufa, mimi ndiye niliyemchagulia nguo za kwenda nazo. Koti la kijivu, lile la kanisa. Dada yake, Kavata, akaingia na ile mikono yake mirefu akitaka kupekua mifuko. Nikamfokea mbele ya watu: "Kavata! Kwani ndugu yako ni mwizi apekuliwe?" Akarudi nyuma. Wanawake wakainamisha vichwa, na mimi nikajiona mkubwa.

Ufunguo ulikuwa mfuko wa ndani, na rimoti yake imening'inia hapo hapo. Nilikumbuka siku ya tatu baada ya mazishi, mawe yameshapangwa juu ya kaburi. Walipouliza, nikasema umepotea mochari. Watu wa mochari wakatukanwa bure, na mimi nikawa nawatukana pamoja na wengine.

Kwetu kaburi likifungwa limefungwa. Kulifukua ni kuita thavu, ule unajisi wa mauti unaoingia nyumbani na kuanza na walio wadogo. Kanisani wanasema hayo ni ya zamani. Sawa. Lakini sijamwona mchungaji akishika jembe.

Na katika nyumba yangu kuna aliye mdogo kabisa. Bado hajazaliwa.

Kalunde, mke wa mwanangu, yuko mwezi wake wa kujifungua. Mwanangu yuko kazini Mombasa. Mwaka jana uchungu ulimshika Kalunde wakati Mzee amepeleka mbuzi Garissa kwa pikapu. Tukampakia kwenye mkokoteni wa punda. Mtoto alifika barabara ya lami akiwa ameshakufa. Mimi ndiye niliyembeba, amefungwa kwa leso yangu. Nikaapa kwamba halitarudi tena jambo hilo, si mimi nikiwa hai.

Sasa niseme lile lingine.

Pikapu yetu ina alamu. Mzee alikuwa anaogopa wezi kuliko alivyomwogopa Mungu. Rimoti yenyewe ina kidude kimoja tu cha kubonyeza: ukibonyeza milango inafunga na injini inakatwa, ukibonyeza tena kila kitu kinafunguka. Kila siku akirudi kula, saa saba, alikuwa anashuka, anatembea hatua kadhaa, halafu anabonyeza bila kugeuka. Tii! Taa zinapepesa. Kluk. Hapo nilikuwa najua nipakue chakula.

Siku ya nne baada ya mazishi, saa saba, nikasikia tii.

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakuna mtu uani. Taa za pikapu zilikuwa zinamalizia kupepesa, na jua limesimama katikati ya kichwa.

Kesho yake tena. Na kesho yake. Leo inafunga, kesho inafunguka. Kalunde, ambaye huniita mwaitu, yaani mama, akauliza, "Mwaitu, nani amefunga gari?"

"Ni joto," nikamwambia. "Kula."

Hakuniamini. Lakini alikula.

Kutoka pikapu hadi kaburi ni hatua kumi na nane. Nimezihesabu mara nyingi kuliko inavyofaa mwanamke mwenye akili.

Leo basi akaja Abdi, fundi wa funguo wa Mwingi, yule yule aliyemwekea Mzee alamu. Nilimwita nikasema ufunguo umepotea, aje akate mwingine. Mwalimu jirani yetu, ambaye ndiye ataendesha siku ya uchungu, akaja kuangalia.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Abdi alichukua ufunguo usiokatwa meno, akaupitisha juu ya mshumaa mpaka ukawa mweusi kwa moshi. Akauingiza, akausukuma kidogo huku na huku, akautoa, akauangalia kwenye jua. Pale chuma cha ndani kilipogusa, masizi yalikuwa yamefutika kidogo kama alama ya kucha. Hapo anapiga tupa, mara mbili, tatu. Anarudisha mshumaani. Anaingiza tena. Muda mrefu hivyo, bila kusema. Nilifikiri: huyu anaiuliza kufuli maswali gizani, na kufuli inajibu.

Ufunguo ukazunguka. Jana pikapu ilikuwa imefunguka, kwa hivyo injini ikaitika mara moja. Kalunde akapiga makofi. Mwalimu akaingia, akaizungusha uani, akairudisha mahali pake na injini ikinguruma.

Nikaangalia saa ya Mzee iliyo ukutani; saba ilikuwa imefika. Nilitaka kusema azime, ateremke. Lakini ningemweleza nini?

Tii.

Injini ikafa. Milango ikajifunga na Mwalimu ndani. Uso wake ukaja kwenye kioo, mdomo wazi, akipiga dirisha: "Nifungulieni! Mimi sina kesi na mtu hapa!"

Ningecheka siku nyingine. Alihangaika na kile kishikio cha ndani mpaka akatoka, jasho limemlowesha kola.

Abdi hakucheka. "Nani ameshika rimoti?"

"Hakuna," nikasema.

"Mama, nilimpa Mzee rimoti moja tu. Na ni dhaifu, haifiki hata pale zizini. Aliyebonyeza yuko karibu sana."

Akaangalia jikoni. Akaangalia zizi. Akaangalia choo. Macho yake yakapita juu ya yale mawe na kuendelea, halafu yakarudi yenyewe.

Nilichoka kudanganya. "Iko kwenye koti lake," nikasema. "Ni mimi niliyekataza mifuko isiguswe."

Akataja jina la Mungu kwa sauti ndogo. Halafu, kwa vile yeye ni mtu mwenye adabu, akatafuta la kunipoza. "Labda ni udongo, Mama. Unashuka polepole, unabonyeza."

"Udongo unajua saa?" nikamuuliza.

Akainama kuangalia chini ya dashibodi.

Aliniambia mambo yalivyo. Ile sanduku ndogo chini ya dashibodi inaweza kufundishwa rimoti mpya. Lakini ikipokea mpya, inasahau ile ya zamani kabisa. Akikata nyaya zote aitupe alamu, ni yale yale. Kwa vyovyote haitamsikia Mzee tena. Na tukiacha ilivyo, siku moja gari inakubali, siku moja inakataa.

Kalunde alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono chini ya tumbo. Akasema polepole, "Mwaitu, na uchungu ukija siku ya kukataa?"

Hapo ningepaswa kujibu mara moja. Sikujibu. Nitaandika kwa nini, ingawa sitaki mtu asome haya nikiwa hai.

Kwa wiki tano nimekuwa navaa leso safi saa sita. Nimekuwa nampakulia. Chakula kikipoa nawapa kuku. Naogopa ile sauti, lakini naingoja. Mwanamke mzima, mshiriki wa kanisa miaka yote hii, anangoja mlango wa gari useme kluk ili ajue bado ana mume.

"Fundisha," nikamwambia Abdi.

Akalala kifudifudi chini ya usukani, akashikilia swichi, akazungusha ufunguo mara kadhaa. Taa zikawaka zikabaki zimewaka. "Sasa inasikiliza," akasema. "Itakayobonyezwa ya kwanza ndiyo itakayoshikwa." Akaninyooshea rimoti mpya.

Nilikuwa bado nimeishika kiganjani tu. Kidole hakijagusa.

Taa zikapepesa. Tii.

"Mama, umebonyeza?"

"Sijabonyeza."

Mwalimu akaenda zake. Hakuaga, hakuchukua hata kofia. Abdi alibaki pale chini ya usukani, naona miguu yake tu, haitikisiki. Saa saba ilikuwa imeshapita kitambo. Mzee hajawahi kubonyeza mara mbili kwa siku moja.

Basi hasira ikanipata. Afadhali, maana hofu ilikuwa imenikalia kifuani. Nikaenda zile hatua kumi na nane nikasimama juu ya mawe, nikamsemesha kwa Kikamba, kwa ile sauti aliyoizoea.

"Nzioka! Mwaka jana ulikuwa Garissa, nikambeba yule mtoto peke yangu. Sikukulaumu. Kosa la ufunguo ni langu, na nimelisema mbele ya watu. Lakini huyu anayekuja ni damu yako. Unataka nimbebe hivyo na huyu? Acha. Nimesema acha!"

Mbuzi mmoja aliinuka, akaangalia mawe, akaenda kulala upande mwingine.

Abdi akarudia. Taa zikawaka zikabaki. Tukangoja. Hesabu ya pumzi kumi, labda zaidi. Hakuna kitu. Uwanja wote ulikuwa umenyamaza kama mtu anayejizuia kusema.

Nikabonyeza.

Taa zikapepesa kwa ajili yangu. Kluk. Nikabonyeza tena, ikafunguka. Abdi akawasha injini, ikanguruma muda mrefu, hakuna kilichoizima. Akaondoka bila kunywa chai niliyompikia, na simlaumu.

Sasa ni saa kumi na moja. Kalunde amejilaza, anasema mgongo unamuuma. Mwalimu nitamfuata mwenyewe na kofia yake, nimkaripie kidogo, atakubali kuendesha.

Pikapu iko tayari. Nilichoapa nimekitimiza, na sitaki kukirudisha.

Lakini je, alinikubalia, au nilimfunga nje akiwa bado ana neno? Kesho saa saba nitakuwa pale mlangoni nikisikiliza. Isiposema kitu, nitajua nimekuwa mjane. Na ikisema?