Kamba Yetu Imeishia Hapa

Baba,

Sijakuamkia. Usidhani mjini nimepoteza adabu. Nina neno la kukuambia kwanza, na nikishalisema, kama bado nina uso, nitakuamkia mwishoni.

Imepita miezi mitatu tangu tukuzike Tumati, nyumbani kwa kaka Emanueli. Yule ng'ombe wako mwekundu wa pembe moja amezaa ndama jike, na kaka anasema ana ukaidi wako. Mama amerudi Gitting kwenye nyumba yetu ya zamani. Anasema hawezi kuishi mahali ambapo akifungua mlango asubuhi hauoni mlima wa Hanang. Bondeni ngano imevunwa, kombaini zimetimua vumbi juma zima, na mama amefua mashuka mara mbili mbili huku akilaani.

Mimi bado niko Dar es Salaam nachora bahari. Siku ya mazishi kila mzee aliyenishika mkono aliniuliza, "Ndiye wewe mtoto anayepima bahari?" Kumbe ulikuwa unatembea na habari hiyo Tumati nzima. Niliinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Ilikuwa aibu, baba.

Hukupata nafasi ya kuniuliza bahari inapimwaje, nami sikukupa. Meli inapita juu, inatuma mlio kwenda chini, halafu inasikiliza. Mlio ukigonga sakafu ya bahari unarudi. Ukikawia, kina ni kirefu. Meli za mataifa mengi zinafanya hivyo, hata za nchi zisizoamkiana, kisha zinapeana namba, maana hakuna taifa moja linaloweza kupima maji yote ya dunia. Ramani hiyo kubwa imegawanywa vipande vipande, na chumba chetu cha uchoraji kinasaidia kipande cha upande wetu. Mimi nanakili namba kwa kalamu nyembamba, naunganisha zinazolingana, na polepole milima inatokea. Ndiyo, milima, na mabonde, huko chini gizani ambako hakuna mtu aliyewahi kuchunga hata mbuzi. Najua ungesema nini. Ungesema, "Sasa huko nani atalima?"

Lakini sehemu kubwa ya karatasi ni nyeupe. Meli zina njia zake, na kati ya njia na njia hakuna aliyepita. Mwezi wangu wa kwanza niliona pengo jeupe linanikera, nikalichorea kilima kizuri. Mkuu wetu alikuja, akatazama, akachukua wembe akakikwangua.

"Hapa nani amepima?"

"Hakuna, mzee."

"Basi paache. Nyeupe maana yake hatujui. Haina maana nyingine."

Nilitoka nje nikanawa uso. Nilikuwa nimekusikia wewe.

Unakumbuka lile ziwa dogo la shimo, tulipopeleka ng'ombe mwaka wa ukame? Nilikuuliza lina urefu gani kwenda chini. Mtu mwingine angenipiga kofi akaniambia nichunge. Wewe ulifungua kamba zote za ng'ombe, ukaziunga, ukafunga jiwe, ukasimama kwenye mwamba uliotokeza ukalitupa. Kamba ilikwenda, ikakwenda, ikaisha mkononi mwako bila kulegea. Nikapiga kelele kwamba ziwa halina mwisho. Ukanikemea. "Usiseme halina mwisho. Sema kamba yetu imeishia hapa." Halafu tukahangaika hadi mchana kutenganisha mafundo, na ng'ombe wawili wakaingia kwenye mahindi ya watu.

Mtu aliyefundishwa hivyo na baba yake akiwa mtoto hana kisingizio. Sasa nifike kwenye lile neno.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wapima walikuja kuongeza shamba la ngano la serikali, nami nikapata kazi ya kuvuta mnyororo na kuandika daftari, kwa kuwa nilijua Kiswahili cha shule na lugha ya nyumbani. Nilipewa viatu. Nadhani viatu vile ndivyo vilivyoniharibu. Siku ya pili walitaka mtu anayeijua nchi, na mwenyekiti wa kijiji akakuleta wewe. Ulikuja na lubega lako lililotoboka, miguu mitupu, fimbo begani. Tangu nianze kusema, hakuna siku niliyokuona asubuhi nisikuamkie. Siku ile ulisimama mbele yangu ukingoja. Mpima akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema, "Ni mzee wa hapahapa tu." Nikageukia daftari.

Ulitutangulia.

Mchana kutwa ulitutembeza kwenye ile nyika. Ulisimama ukasema, andika, hapa ni Pale Ng'ombe Wanapolamba, penye udongo wa chumvi, na njia yake inashukia huku tangu enzi za babu. Andika, huu ni Mteremko wa Nyuki. Andika, hapa ndipo bibi yako alipojifungulia njiani. Ulisema "bibi yako", baba, mbele yao, ukanitazama, na bado sikusema. Mpima hakuelewa lugha yetu. Akaniuliza unasema nini. Mambo yalikuwa mengi, jua kali, nami niliona haya kutafsiri habari za kulamba na kuzaa mbele ya wataalamu. Nikamjibu, "Anasema hapa ni pori tu." Nikaandika hivyo kwa mwandiko wangu mzuri uliousifu kanisani: pori tupu.

Ramani ikachorwa. Karatasi ikawa nyeupe kutoka mwamba hadi mto, wala haikuwa kwa sababu hatukujua. Mwenye kujua alikuwa mbele yetu anaonyesha kwa fimbo.

Trekta zilipoilima njia ya chumvi, ulianza kuzungusha ng'ombe siku nzima kwa kupitia milimani. Walikonda. Wengine walikatiza ndani ya ngano wakakamatwa. Mwishowe ulihamia na waliobaki kwa Emanueli, mtu mzima wa umri wako kuanza upya ugenini kwa mtoto. Kaka anaamini wapima walikudharau. Anawalaani mpaka leo, nami hukaa pembeni nikitikisa kichwa kama mtu mwema. Ulijua, na hukumwambia. Ulichowaambia watu ni kwamba mwanao anapima bahari.

Ningelinyamazia hata hilo, nakiri, kama si barua ya mama iliyofika juma lililopita. Wazee wa Gitting wameomba shamba liwaachie njia moja tu, upana wa ng'ombe wachache, kufikia chumvi. Meneja si mtu mbaya, amewatandikia ramani mezani akawaambia, "Nionyesheni njia iko wapi." Haipo. Amesema akipata ushahidi wa wakati wa upimaji ataacha ukanda ule usilimwe msimu ujao. Amewapa hadi mwisho wa mwezi. Mama ameuliza, "Wewe si ulikuwa na wale watu? Hukumbuki chochote?"

Nakumbuka kila kitu. Nimekaa na barua hiyo siku sita. Mkuu wetu ni mkali kwa jambo moja tu duniani, na ni hilo la kuandika kisicho kweli. Akisikia kwamba mchoraji wake aliwahi kuandika uongo kwenye daftari la upimaji, sijui kama nitabaki na kalamu. Jana nilikwenda nikamweleza mwenyewe. Alisaini likizo yangu, akasema, "Nenda karekebishe. Ukirudi tutaongea." Sijui tutaongea nini.

Kesho napanda basi. Nakuahidi hivi. Nitaanza Tumati, nimwambie Emanueli aache kuwalaani wapima, laana hiyo ina mwenyewe. Kisha nitakwenda Gitting nisimame mbele ya wazee na meneja, niseme neno la pori tupu ni langu, na mzee aliyewatembeza siku ile alikuwa baba yangu. Nitakwenda miguu mitupu mpaka penye chumvi, na kila mahali ulipotaja nitapachora, na jina lake kama ulivyolisema. Wakikataa, ramani itakuwepo. Wakikubali, yule ndama wako mkaidi ataonja ule udongo.

Pumzika, mzee wangu. Sasa nimesema, na salamu yako imekawia miaka mingi.

Shikamoo, baba.

Hapa chini nimeacha mstari mmoja mweupe, mahali pa jibu lako. Sitaujaza mimi. Kamba yangu imeishia hapa.



Mwanao,
Safari