Tangazo Lililonipita Garini

Donholm,
Nairobi.
9 Machi 2025

Mpendwa dada Wayua,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko Leeds, na lile goti linaendeleaje na baridi ya huko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili, ila mimi nimejaa kinyaa wiki nzima.

Uliniuliza kipi ni bora garini, redio ama muziki wa mtandaoni, ukataka kunilipia huo wa mtandaoni uwe zawadi yangu. Asante, lakini usilipe. Vyote viwili vinanitia kichefuchefu.

Gari langu lilitoka Japani na redio yake inaishia masafa ya tisini. Stesheni zinazoshika ni chache, na asubuhi nikimpeleka Mwelu shuleni, watangazaji wanapiga kelele za mambo ya chumbani huku wakijichekea wenyewe. Mtoto ananitazama, nazima kwa aibu. Stesheni yetu ya Kikamba iko juu ya tisini. Fundi mmoja wa Kayole alitaka kunifungia kile kidude cha kuongeza masafa, nami nikamwambia huo ni ushamba, nina simu.

Hiyo simu sasa! Wimbo unakwama nikiingia tu barabara ya Outer Ring, halafu badala yake linakuja tangazo la kamari. Bando za intaneti zilikuwa zikiisha haraka hadi nikanunua laini nyingine ya bando rahisi, ile ya zamani nikaitupa kwenye droo. Sikumwambia mtu.

Najua umeambiwa sikufika Masii kumzika mama mdogo Ndinda. Sikukataa, dada. Sikujua. Walinipigia ile laini ya zamani, wakanikosa, wakafanya tunavyofanya siku zote: wakapeleka tangazo kwenye ile stesheni yetu ya Kikamba. Nani kwetu hasikilizi matangazo ya vifo jioni? Saa hiyo hata mimi nilikuwa garini. Nilikuwa nikisikiliza rumba.

Binamu yetu Muindi alinijia Jumatatu, mama mdogo akiwa ameshazikwa Jumamosi. Hakunisalimu. Alisema, "Jina lako lilisomwa siku tatu, Makau. La kwanza kabisa, kabla ya watoto aliowazaa."

Mama mdogo ndiye aliyetulea baada ya mama kutuacha, na mimi nilimwona fundi mshamba. Najichukia, sikufichi.

Muindi aliniachia programu ya mazishi. Mahali pa kutupa udongo wa kwanza wamechapisha jina langu. Anasema walisimama kando ya kaburi karibu nusu saa, na kila gari liliposikika barabarani, watu wote waligeuka.

Nisalimie shemeji, Mwanzia na mdogo wake. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake. Ukiulizwa na watu wa nyumbani, usinitetee.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,
Makau