Yule Fundi Kutoka Tinde

Jumatatu, 5 Mei

Tumepika tangu alfajiri. Mananasi ya safari hii yamefika kutoka Geita yakiwa yameiva kupita kiasi, pipa zima linanuka kama jamu. Mtambo wa pombe hauna tatizo. Shida iko chumba cha chupa. Mashine ya kujazia ina midomo minne: miwili inavuja, mmoja unajaza nusu. Chujio nalo limechoka. Pombe inatoka mtamboni safi, tukishaipunguza makali kwa maji inafanya ukungu. Inua chupa kwenye mwanga, utadhani maji ya kuoshea mchele. Mwenye hoteli wa Geita amerudisha mzigo wote. Anasema wateja wake ni wanunuzi wa dhahabu, hawanywi ukungu.

Mume wangu, Baba Kulwa, amempigia fundi simu. Mwanamke.

Jumatano, 7 Mei

Fundi amefika Masumbwe kwa basi la asubuhi. Rehema. Wa Tinde, amezoea mashine za maji ya chupa. Mdogo kwangu. Ameniamkia shikamoo kwa adabu, akafunga kanga kiunoni juu ya suruali, akalala chali chini ya mashine. Mrembo. Naandika hapa kwa sababu sina pengine pa kulisema.

Hanywi, ni Mwislamu. Anasema kazi yake ni mabomba, kinachopita ndani si shauri lake. Baba Kulwa alicheka mpaka akafuta machozi. Halikuwa jambo la kuchekesha kiasi hicho.

Alhamisi, 8 Mei

Mashine imefunguliwa yote, iko juu ya turubai. Mume wangu kashinda anamshikia spana. Mimi mtamboni, peke yangu na kuni.

Mchana niliwapelekea ugali na mlenda. Nilipoingia wakanyamaza. Wote wawili, kwa pamoja. Nikaweka sinia chini, nikatoka.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepika tena. Sisi tuna desturi, tangu kabla ya leseni, kabla mapacha wetu hawajaenda bweni. Pombe ikianza kutoka, nakinga matone kwenye kiganja changu, Baba Kulwa ananusa. Ile ya mwanzo ni sumu, inamwagwa. Akishanusa akasema "sasa", nabadilisha chombo. Wageni wakiuliza tunapimaje, mimi huwajibu kwamba nimeolewa na kipimo.

Leo nilikinga kiganja. Hakukitazama. Alisema ana shughuli kwenye chupa, nibadilishe mwenyewe nikiona imefika. Haijawahi kutokea.

Baadaye kidogo nikawaona dirishani. Rehema ameshika kikombe, ananusa. Anamwambia Baba Kulwa kitu. Yeye anaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi.

Pombe yangu. Puani kwa mtu asiyekunywa.

Kwa hasira nimemwaga ya mwanzo nyingi mno. Bora hivyo kuliko kinyume chake.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani sikusikia neno hata moja. Baba Kulwa hakuja. Eti kuna washa, vile vipete vya kuzuia kuvuja, za kubadilisha. Jumapili!

Tulipotoka, jirani yangu akaniuliza mgeni wetu anaondoka lini. Alikuwa anatabasamu. Nikasema mashine bado. Uso uliniwaka njia nzima.

Nina wivu. Basi, nimeandika. Nina wivu mpaka chakula hakishuki. Baba Kulwa alipokuwa anaoga nilipekua simu yake. Picha za mabomba tu. Ningekuta kitu ningejua la kufanya.

Jumanne, 13 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Jana Rehema alimaliza chujio. Kapanga upya zile karatasi nene, na kasema maji ya kupunguzia makali yasiwe ya kisima, yawe ya mvua yaliyochujwa, maana chumvi ya kisima ndiyo iliyokuwa inaleta ukungu. Kweli, pombe inang'aa. Nilitamani ising'ae.

Ikabaki washa moja ya pampu. Leo asubuhi akaenda Kahama kuitafuta, akaagiza tusiguse kitu mpaka arudi. Baba Kulwa hakuweza kusubiri, mwenye hoteli anapiga simu kila saa. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akakiweka mahali pa washa, akawasha.

Nikachukua chupa ya kwanza. Harufu ya mpira ilinipiga kabla sijaifikisha puani. Nikamwambia. Akaichukua, akanusa.

"Mbona iko sawa, Mama Kulwa."

Pua ile! Nikaamini nimeelewa: anamlinda. Mashine ya Rehema haiwezi kuwa na kasoro. Nikamtolea maneno ambayo siyarudii hapa. Kisha, ili kumkejeli tu, nikachukua chupa ya mafuta ya taa tunayowashia kuni, nikamsukumia usoni.

"Na hii nayo iko sawa?"

Akanusa. Polepole, kwa makini, kama anavyonusa siku zote.

"Hiyo nzuri zaidi," akasema.

Aliuona uso wangu. Akaitazama chupa aliyoishika, akaiweka chini taratibu, akazima mashine.

Jumatano, 14 Mei

Amesema yote. Tangu yale mafua ya mwezi wa tatu hasikii harufu. Wala maua, wala choo, wala mimi. Daktari alimwambia asubiri, huenda itarudi. Akasubiri. Na kila tulipopika aliinama juu ya kiganja changu, akabahatisha, akasema "sasa". Alichelewa makusudi ili sumu yote iwe imepita, anasema. Nami nilidhani pombe imepungua kwa sababu ya mananasi.

Rehema aligundua siku ile ile aliyofika. Waya wa mota ulikuwa unaungua nyuma ya mgongo wa Baba Kulwa, chumba kizima kinanuka, yeye anaendelea na hadithi. Akamuuliza waziwazi. Akamkemea pia: utaua watu, mwachie mkeo kazi ya kunusa. Ndiyo maana Jumamosi hakukitazama kiganja changu. Na kile kikombe kilikuwa cha pipa la mwezi wa nne. Alimwomba Rehema amnusie, kuona kama ameharibu.

Ubovu wa mashine umetuokoa. Mzigo uliorudishwa ulipikwa kabla ya mafua, na chupa za jana ni za Jumamosi, niliyoikinga mwenyewe. Pombe yote ya kipindi cha katikati iko kwenye mapipa, haijaingia hata chupa moja.

Nililia. Nilimshika kichwa nikalia. Halafu, nikiwa bado nimemshika, wivu ukarudi, mkali kuliko wa mwanzo. Wiki nzima walikuwa na siri ya mwili wa mume wangu, na mimi nawapelekea ugali.

Ijumaa, 16 Mei

Rehema amerudi na washa yenyewe, ya silikoni. Kakitoa kile kipande cha mpira kwa koleo, kimevimba kama kiwavi. Hakumgombeza mtu. Pombe iliyonuka mpira itapikwa upya.

Nilimfuata bombani alipokuwa ananawa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, lilikuwa lake kusema. Nilimwambia asiposema mpaka nimalize kazi, nasema mimi."

Nilitafuta cha kumchukia, nikakosa. Nikamshikia taulo.

Mchana tulifungua mapipa yote yaliyojazwa tangu yale mafua. Mimi nanusa, wao wananitazama. Pua yangu si kama ya mume wangu ilivyokuwa, lakini ipo. Pipa moja sikulipenda. Sikuweza kusema kwa nini. Baba Kulwa hakubisha, alilipindua mwenyewe, likamwagika mfereji mzima.

Jumamosi, 17 Mei

Rehema kaondoka. Nimemfungia mananasi ya mama yake. Alimuaga Baba Kulwa kwa mbali, mimi akanikumbatia.

Bado sijafurahi.

Jumapili, 25 Mei

Mzigo ulifika Geita, mwenye hoteli kaupokea. Midomo yote minne inajaza sawasawa. Wiki hii nimepika mara mbili na kubadilisha chombo mwenyewe, kimya kimya.

Jioni nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu. Baba Kulwa akaja akakaa kwenye kigoda, karibu na moto. Akatazama sufuria kwa muda.

"Vinanukaje?"

Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema vinanuka vitunguu. Akasubiri. Nikasema mwanzo vinachoma, halafu vinalainika, vinakuwa kama... nikakwama. Hakunisaidia. Alikuwa amefumba macho.

Sikumuuliza kama Rehema naye aliwahi kuulizwa. Nilipunguza moto, nikakoroga, nikaanza kumweleza upya.